Je, wajua? Jasho linalodondoka halimpozi mkimbiaji

Kwa nini mkimbiaji wa marathoni anaweza kulowa jasho kuanzia utosini mpaka kwenye soksi, na bado mwili wake ukazidi kupanda joto? Jibu ni kwamba jasho hupoza pale tu linapogeuka mvuke na kuchukuliwa na hewa. Likibaki juu ya ngozi, au likidondoka kwenye lami, mwili umepoteza maji lakini joto limebaki palepale.

Watu wengi hulilaumu jua. Wakisikia kwamba wakimbiaji wameanguka njiani, picha inayowajia ni ya saa saba mchana, jua la utosi, lami inayowaka. Jua lina sehemu yake, wala haifai kulidharau, ila si mhusika mkuu. Ushahidi mzuri ni Doha, Qatar, kwenye mashindano ya dunia ya riadha ya 2019. Waandaaji walilikwepa jua kabisa: marathoni ya wanawake ilianza Septemba 27, dakika moja kabla ya saa sita usiku, kando ya bahari, chini ya taa. Joto lilipita nyuzi 32 na unyevu wa hewa ulizidi asilimia 70. Walianza wakimbiaji 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka huohuo, huko Dubai, alikuwa ametumia 2:17:08. Ni kweli kwamba mbio za ubingwa huwa hazina waongoza kasi na kila mmoja humvizia mwenzake, kwa hiyo si dakika zote hizo 15 zilizoliwa na hali ya hewa. Lakini wanawake 28 bora duniani hawaachi mbio usiku kwa sababu ya mbinu za ushindani.

Tuanze na joto lenyewe, maana halitoki nje kama wengi wanavyodhani. Linatoka kwenye misuli. Kwa kadirio linalotumika sana, mtu anayekimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mkimbiaji wa kilo 60 atatumia basi kama 2,500 katika kilomita 42.195. Akimaliza kwa saa nne, ni zaidi ya 600 kwa saa, na angalau robo tatu ya nguvu hiyo haimsukumi mbele: inageuka joto. Tuseme kilokalori 500 kila saa. Mwili wa kilo 60 huhitaji kama kilokalori 50 tu kupanda nyuzi moja. Maana yake, kama joto hilo lisingepata njia ya kutoka, angepanda nyuzi moja kila dakika sita, na kutoka nyuzi 37 angefika 40, ambako hatari huanza, kabla ya nusu saa. Hesabu hii inanishangaza kila ninapoirudia. Kila anayekimbia marathoni yuko hai kwa sababu ngozi yake inafanya kazi bila kupumzika.

Na ngozi ina uwezo mkubwa. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya mwili huondoka na kilokalori 580 hivi. Kwa mkimbiaji wetu, hata lita moja nzima kwa saa haihitajiki, na watu wengi hutoa zaidi ya hapo. Tatizo limo katika maneno haya matano: ikikauka yote juu ya mwili.

Fikiria mtungi wa udongo. Maji hupenya taratibu kwenye vitundu vya udongo, yakafika nje, yakakauka, na kila tone linalokauka huchukua joto kutoka kwenye maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi huwekwa penye upepo. Mtungi huohuo ukiupeleka Dodoma wakati wa kiangazi, maji yake huwa baridi kweli. Ukiuleta Tanga au Mombasa wakati wa masika, tumbo lake la nje hutota, maji huchuruzika hadi chini, na ukinywa unakuta hayana ubaridi wa maana. Mtungi haujaharibika, na kwa nje unaonekana umelowa kuliko ulipokuwa Dodoma. Ila maji yanayochuruzika yamebeba joto lao wenyewe tu, hayakuchukua la wengine. Mkimbiaji anayeona jasho likimtiririka mpaka kwenye viatu akajipongeza kwamba mwili wake unafanya kazi barabara anausoma mtungi vibaya: jasho linaloonekana ndilo lililoshindwa kazi. Katika hewa kavu mtu anaweza kupoteza maji mengi na fulana yake ikabaki karibu kavu.

Kinachoamua ni pengo kati ya mvuke ulio kwenye ngozi na mvuke ulio hewani. Hewa inayogusa ngozi iliyolowa, yenye nyuzi 35, hushiba mvuke kwa takriban gramu 40 kwa kila mita moja ya ujazo. Chukua mchana mkavu wa Dodoma, nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35: hewani mna gramu 11 hivi, pengo ni 29. Chukua Dar es Salaam wakati wa kaskazi, nyuzi zilezile 30 lakini unyevu wa asilimia 75: hewani mna gramu 23, pengo limebaki 17. Kipimajoto kinasema hali ni moja, ngozi inajua si moja. Doha usiku ule ilikuwa na gramu kama 25.

Hapa ndipo kuna kosa ambalo hata wakimbiaji wazoefu hulifanya, nalo linastahili muda: kuamini ile asilimia ya unyevu inayotajwa kwenye utabiri. Asilimia haisemi hewa ina mvuke kiasi gani. Inasema imejaa kiasi gani ikilinganishwa na inachoweza kubeba kwa joto la wakati huo, na hewa ya baridi hubeba kidogo. Alfajiri ya nyuzi 18 yenye unyevu wa asilimia 95 inatisha ukiisoma. Mchana wa nyuzi 28 wenye asilimia 50 unaonekana mwepesi. Piga hesabu: nyakati zote mbili hewa ina takriban gramu 14 za mvuke kwa mita ya ujazo. Ni hewa ileile iliyopashwa joto. Kwa ukaushaji wa jasho hazitofautiani sana, na alfajiri ina faida ya hewa baridi inayofyonza joto moja kwa moja kutoka kwenye ngozi, pamoja na kukosekana kwa jua. Kwa hiyo wanaoanzisha mbio mapema wako sahihi, ingawa ndiyo saa ambayo asilimia huwa juu kabisa. Tokyo, kwenye mashindano ya dunia ya Septemba 2025, marathoni zilirudishwa nyuma kutoka saa mbili asubuhi hadi saa moja na nusu kwa ajili ya joto. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo kwa 2:09:48, muda mmoja na Amanal Petros wa Ujerumani, na ikabidi picha ya mstarini iamue.

Anayetaka namba ya kuaminika aangalie kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa mpaka hapo huanza kutoa umande. Hiki hufuata mvuke wenyewe, hakidanganywi na saa ya siku. Waandaaji wa mbio kubwa hutumia kipimo kingine kilichobuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakianguka mazoezini. Kinachanganya vipimajoto vitatu: cha kawaida kilichowekwa kivulini, kilichofunikwa na tufe jeusi ili kilipime jua, na kilichovikwa kitambaa chenye maji. Hicho cha kitambaa kinapewa asilimia 70 ya uzito wote, tufe la jua 20, cha kawaida 10. Sijui namna bora ya kuonyesha nani mkuu kati ya jua na unyevu.

Sasa ongeza umati. Mkimbiaji wa saa nne anakwenda karibu mita tatu kwa sekunde, na kwa mwendo huo anajitengenezea upepo wake mwenyewe, ambao huondoa hewa iliyoshiba mvuke pembeni ya ngozi na kuleta nyingine. Akiwa katikati ya maelfu, hewa iliyo mbele yake imeshavutwa na miili ya waliotangulia na inasogea pamoja nao. Upepo wake unapungua. Hewa anayoipata imeshapita kwenye ngozi za watu waliolowa, na pande zote kuna miili inayotoa joto kama wake. Ni mitungi iliyobananishwa stoo. Upepo wa nyuma ukiwa na kasi sawa na yake, anajikuta ndani ya hewa iliyosimama, ijapokuwa miguu inamwambia anasonga haraka. Vipimo vilivyofanywa ndani ya kundi lenyewe ni vichache, kwa hiyo sitataja nyuzi ngapi zinaongezeka; mwelekeo wake lakini hauna ubishi, na anayetoka pembeni ya kundi huihisi tofauti mara moja.

Oktoba 7, 2007, Chicago ilipata mambo haya yote kwa pamoja. Ni mji ambao Oktoba yake kwa kawaida huwa na ubaridi unaowafaa wakimbiaji. Siku hiyo hewa ilikuwa nzito tangu asubuhi na joto likafika nyuzi 31. Walioanza walikuwa karibu 36,000. Mbele, Patrick Ivuti wa Kenya na Jaouad Gharib wa Moroko walifika mstarini karibu kifua kwa kifua, Ivuti akishinda kwa 2:11:11. Nyuma yao ndiko hali ilikuwa mbaya. Wengi walilalamika kwamba walikuta meza za maji zimekauka, mamia wakahitaji matibabu, na muda wa saa tatu na nusu ulipopita mbio zilisimamishwa, waliobaki wakaambiwa watembee au wageuzwe kurudi Grant Park, bustani ambako mbio huanzia na kuishia. Mkimbiaji mmoja alifariki. Uchunguzi ulionyesha tatizo la valvu ya moyo, kwa hiyo si haki kifo chake kuhesabiwa cha joto. Wakimbiaji wa nyuma ndio waliokaa juani muda mrefu zaidi, ndani ya msongamano mkubwa zaidi, na ndio waliofika mwisho kwenye vikombe vya maji. Leo mbio hizo hutumia bendera za kijani, njano, nyekundu na nyeusi kuwaambia washiriki hatari imefika wapi.

Je, kujimwagia maji? Hewa ikiwa kavu husaidia, maana ni kama kuuongezea mtungi jasho. Ngozi ikiwa tayari imelowa na hewa imeshiba, kikombe cha maji ya nyuzi 10 kitachukua kama kilokalori tano mpaka kifikie joto la ngozi, kati ya zile 500 za kila saa. Faraja unayoihisi ni ya ngozi; ndani mabadiliko ni madogo mno, na hatari yake ni kwamba faraja hiyo humshawishi mtu aongeze kasi. Barafu ni bora, kwa sababu kuyeyuka kwake nako hula joto.

Kunywa kunarudisha maji yaliyopotea, hakutoi joto kama wengi wanavyoamini, na kunywa kupita kiasi kuna hatari yake. Katika marathoni ya Boston ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, iliyoshuka kuliko kawaida. Dalili kuu ilikuwa kuongezeka uzito wakati wa mbio: walikunywa zaidi ya walichotoa jasho. Kiu ni mwongozo mzuri kuliko ratiba.

Mwenye kuchanganyikiwa, kupepesuka au kujibu maneno yasiyoeleweka apozwe palepale, mwili mzima kwenye maji ya barafu, kabla ya kupakiwa kwenye gari la wagonjwa. Katika mbio za Falmouth, Marekani, zinazokimbiwa Agosti, wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto walitibiwa hivyo katika kipindi cha miaka 18 na wote walinusurika. Na mbio hizo ni za kilomita 11 na ushei tu! Umbali si lazima. Watu hukimbia kwa nguvu zaidi kwenye mbio fupi, na joto la kila saa hufuata kasi.

Hapo ndipo mkimbiaji ana mamlaka kamili. Aliyejiandaa kwa saa nne akiamua kumaliza kwa saa nne na dakika 40 amepunguza kasi kwa moja ya saba, na joto analozalisha limepungua kwa kiasi hichohicho. Upepo wake nao unapungua, lakini ukaushaji hushuka polepole kuliko upepo, kwa hiyo faida inabaki upande wake. Uamuzi huo ufanywe mstarini kabla ya kuanza. Akiungoja hadi kilomita ya 30, joto litakuwa limeshajikusanya ndani, na hewa ileile iliyoshindwa kulitoa njia nzima haitaweza kulitoa hapo.