Programu ya bure si programu bure

Kiswahili kinatutega kwa neno moja. “Bure” ni kitu usichokilipia, na papo hapo ni kitu kisicho na maana: nimehangaika bure, yule mtu bure kabisa. Ndiyo maana nikimwambia mteja kwamba nimemwekea programu ya bure kwenye kompyuta yake, uso unambadilika. Anahisi nimempunja. Natengeneza kompyuta za walimu, za makatibu wa vikoba, za steshenari na za wanafunzi wanaoandika tasnifu, na maneno ninayoyasikia ni yaleyale. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana kabisa.

“Ya bure haikosi virusi”

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wanaolisema mara nyingi wana kompyuta iliyojaa programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli. Nazo hawakuzilipia, ila wanazihesabu kuwa “za kampuni”. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu ambayo kila flashi iliyochomekwa, mafaili yake yalifichwa na mahali pake pakabaki njia za mkato tupu. Nilipopekua nikakuta folda ya kikrakio, kile kinachovunja kufuli, na ndani yake maelekezo ya mistari mitatu. Mstari wa kwanza: zima antivairasi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani, huyo ungemfungulia geti?

Programu huria ni kitu kingine. Msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa kuiunda, uko wazi, na leseni yake inakupa ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzako. Uwazi huo hauzuii kila shambulio. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika sana kwenye Linux, mfumo huria unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Aliyeubaini ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Msimbo ulikuwa wazi, akaufuatilia mpaka akaufikia ule mlango, kabla haujasambaa kwenye matoleo ambayo watu wengi wanayatumia.

Kwa mtumiaji wa kawaida, hatari kubwa iko pale anapopakulia. Mwaka 2022 lilionekana kwenye Google tangazo lililoandikwa anwani halali ya GIMP, programu ya kuhariri picha, lakini ukilibonyeza lilikupeleka kwenye tovuti ya kuiga iliyobeba kirusi cha kuiba nywila. Kwa hiyo ruka matangazo yanayokaa juu ya majibu ya utafutaji, andika anwani kwa mkono wako: libreoffice.org (programu za ofisi, kama Word na Excel), videolan.org (VLC, ya kuchezea video), gimp.org, 7-zip.org (7-Zip, ya kubana na kufungua mafaili yaliyobanwa).

“Ukiandika kwa LibreOffice, kwa mwenzako inavurugika”

Hapa chembe ya ukweli ipo, na chanzo chake kikubwa ni fonti. Calibri na Cambria, fonti za Microsoft, haziruhusiwi kufungashwa ndani ya LibreOffice. Badala yake inakuja na Carlito na Caladea, zilizochorwa ili kila herufi ichukue upana uleule, na Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman kwa namna hiyohiyo. Zikiwepo hizo, kwa kawaida mistari inakatika palepale ilipokatika. Vurugu huanza mtu anapotumia fonti ya mapambo aliyoipakua mwenyewe, au anapopanga ukurasa kwa kubonyeza spesi na Enter.

Mwanafunzi mmoja aliliandika jedwali lake la yaliyomo kwa nukta, moja baada ya nyingine, mpaka namba za kurasa zikakaa upande wa kulia. Alipofungua faili kwenye kompyuta ya steshenari, namba zikawa zimeangukia mstari wa chini, jedwali zima limepinda. Akailaumu LibreOffice. Tulifuta zile nukta, tukapitia tasnifu na kuipa kila sura na kijisura mtindo wa kichwa, kisha tukaiachia programu iunde jedwali yenyewe. Kurasa 90, dakika kama 20. Tasnifu ile ingevurugika hata kutoka Word ya kompyuta moja kwenda Word ya nyingine.

Ukimtumia mtu faili la kuhariri, hifadhi kwa .docx, aina ya faili ya Word. Kwa kawaida LibreOffice huhifadhi kwa .odt, ila kuna mahali kwenye mipangilio yake unapobadilisha hilo mara moja na ukasahau. Ukipeleka kuchapa, toa PDF: kitufe chake kiko juu, na fonti zinasafiri ndani ya faili. Lakini mwenye lahajedwali la Excel lenye makro ndefu, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili, sitamdanganya. LibreOffice inazielewa baadhi tu, na kama mishahara ya watu inategemea makro hizo, anunue Excel.

“Hakuna anayelipwa, siku moja itazimwa”

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Mpaka leo haina matangazo, na mwanzoni mwa 2025 watengenezaji wake walitangaza kwamba imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Nyuma ya LibreOffice ipo taasisi ya Berlin, The Document Foundation, inayoendeshwa kwa michango, na zipo kampuni zinazowalipa wahandisi wao waiendeleze kwa sababu zinauza huduma juu yake. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani liliamua kuhamishia kompyuta zake zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice.

Tena hofu hiyo ilishapimwa. Zamani LibreOffice ilikuwa chini ya jina la OpenOffice.org, na mlezi wake alikuwa kampuni ya Sun Microsystems. Kampuni ya Oracle ilipoichukua Sun mwaka 2010, waandishi wa programu wakaingiwa na wasiwasi, na kabla mwaka haujaisha wengi wao wakawa wamechukua msimbo na kuhama nao. LibreOffice ndiyo huo msimbo uliohama. Leseni iliwaruhusu. Kampuni ikiizima programu yake iliyofungwa, wewe mtumiaji huna pa kuhamia nayo.

Na ni leseni za namna hiyo zilizouwezesha mradi wa Kilinux, wa kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004: menyu, vitufe na maonyo, yote kwa Kiswahili. Hakuna aliyengoja kampuni ya mbali ikae iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko. Mimi jambo hili nalithamini kuliko hata suala la bei.

“Kugawiana kwa flashi ni wizi”

Kwa programu za kukraki, ndiyo. Kwa 7-Zip, VLC na LibreOffice, hapana, ruhusa imeandikwa kwenye leseni. Kwa sisi tunaopimiwa bando, hii ni nafuu kubwa: LibreOffice ya Windows ni MB 350 hivi, mmoja anaipakua na shule nzima inasakinisha. 7-Zip yenyewe haifiki hata MB 2. Inafungua mafaili ya RAR, aina moja ya mafaili yaliyobanwa, ingawa haiyatengenezi. Wengi wanadhani WinRAR ndiyo ya bure, kumbe ile ni ya majaribio ya siku 40, inakuvumilia tu.

Ila 7-Zip haijisasishi. Iliyokaa kwenye flashi yako miaka mitatu ina matundu ambayo toleo jipya limeshayaziba. Mimi kila folda kwenye flashi ya kazi naipa tarehe niliyopakua, nikiona imechakaa naifuta.

“Lazima ununue antivairasi”

Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi yao, Microsoft Defender. Kwa watu wengi inatosha, mradi kikrakio kisikushawishi uizime.

“Linux ni ya mafundi”

Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi zinazoletwa kwangu hazikidhi masharti ya Windows 11. Si mbovu. Linux Mint, aina moja ya Linux, inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 4, na menyu yake iko pembeni chini, mahali mkono wako ulipozoea. Kwanza ulizia kama programu yako ya uhasibu ina toleo la Linux, maana nyingi hazina. Kisha iwashe kompyuta kwa flashi ya Mint bila kusakinisha chochote, jaribu Wi-Fi, jaribu spika, chapa ukurasa mmoja kwa printa yako. Ikigoma, zima, chomoa flashi, uwashe tena: Windows yako na mafaili yako utayakuta palepale.