Dau, salio na kutoa fedha: jinsi ushuru wa kubashiri na bahati nasibu unavyokokotolewa Kenya

Wateja wangu katika biashara ya kubashiri hupenda kuniuliza kiwango cha ushuru ni asilimia ngapi, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni asilimia hiyo inakatwa kwenye fedha zipi. Kampuni yenye leseni nchini Kenya hushika fedha za aina tatu: zile anazoweka mchezaji, zile zinazobaki baada ya washindi kulipwa, na zile anazotoa mchezaji. Kila fungu lina ushuru wake, na la kati pekee ndilo mapato ya kampuni.

Kodi ya fungu hilo la kati ilishushwa kuanzia Januari 2019 kutoka asilimia 35 hadi 15 ya mapato ghafi, yaani jumla ya madau ukiondoa malipo ya washindi. Kampuni iliyopokea madau ya shilingi milioni 10 na kuwalipa washindi milioni 8.5 inabaki na milioni 1.5, na kodi yake kwa kiwango hicho ni shilingi 225,000. Mishahara na gharama za matangazo haziondolewi hapo. Zitahesabiwa kwenye kodi ya mapato ya kampuni, ambayo ni asilimia 30 ya faida na inalipwa vilevile.

Ushuru wa bidhaa (excise duty), ambao hapa hukatwa kwenye fedha za mchezaji, ndio uliotikisa sekta. Ulitozwa kwa asilimia 20 ya dau na Sheria ya Fedha ya 2019, ukafutwa mwaka uliofuata, ukarejea 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa Desemba 2024. Kwa kampuni ya mfano wetu, asilimia 15 ya madau ni milioni 1.5, sawasawa na mapato ghafi yote. Ni kweli kwamba mzigo ulikuwa wa mchezaji, lakini mchezaji aliyerudisha ushindi wake kwenye mkeka mwingine, yaani tiketi nyingine ya ubashiri, alikatwa upya kila alipobashiri, na shilingi ile ile ikatozwa mara kadhaa katika jioni moja ya mechi.

Sheria ya Fedha ya 2025 ilihamisha kipimo. Tangu Julai mwaka huo, ushuru wa bidhaa kwa kubashiri ni asilimia 5 ya fedha zinazowekwa kwenye akaunti ya mchezaji, na kodi ya zuio, ambayo kampuni huikata kabla ya kumlipa mchezaji na iliyokuwa asilimia 20 ya ushindi, ikawa asilimia 5 ya fedha zinazotolewa. Anayeweka shilingi 1,000 anabaki na salio la 950, na anaweza kulizungusha usiku kucha bila kukatwa tena. Akilifikisha 1,900 na kuzitoa, zinazuiwa 95. Hata hivyo, aliyebadili nia na kutoa 950 zake bila kubashiri chochote anaondoka na shilingi 902.50, jambo ambalo kwa maoni yangu ni dosari ya sheria, na kampuni yenye busara itamweleza mteja kabla hajaweka fedha.

Muda nao ni mfupi. Tangu 2023, ushuru wa bidhaa na kodi ya zuio hupelekwa KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ndani ya saa 24 baada ya hesabu za siku kufungwa usiku wa manane. Muamala wa M-Pesa wa saa tano na dakika 58 usiku ukisajiliwa kwenye mfumo wa kampuni dakika tatu baadaye, tayari taarifa mbili za siku hiyo hazilingani. Huwashauri wahasibu wachague saa ya mfumo mmoja, waiandike kwenye utaratibu wao, na fedha hizi waziweke kwenye akaunti ya benki ambayo idara ya malipo haiwezi kuigusa.

Bahati nasibu ilikuwa na hesabu kali zaidi. Chini ya sheria ya kamari ya 1966, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, kodi ya asilimia 15 ilitozwa kwenye mauzo yote ya tiketi kabla ya zawadi kuondolewa. Kwa zile za hisani, sheria ya ushuru wa bidhaa imezitenga kwa jina zisitozwe, lakini msamaha wa kodi ya mapato ni jambo jingine: shirika huuomba KRA na kupewa cheti chake. Hata likiwa na cheti hicho, linapaswa kukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi wake wanaosimamia droo na kuiwasilisha kila mwezi kama mwajiri mwingine yeyote.