Kabla Hujapiga Simu Useme "Kujeni Mchukue Kiboko Yenu"

Tangu mvua ianze, simu kwa ofisi yetu ya KWS, shirika la wanyamapori, zimekuwa nyingi, za Dunga, za Usoma, mpaka kule Kusa, na karibu zote zinaanza hivyo, "afisa, kujeni mchukue kiboko yenu." Hapo ndio nataka tuanzie. Kiboko si wa ofisi. Alikuwa kwa hii ghuba ya Winam, ya Ziwa Victoria, kabla reli ifike Kisumu mwaka 1901, na njia anazopita usiku kwenda kula nyasi amezipita miaka na miaka. Mchana lazima akae majini juu ngozi yake haivumilii jua, giza likiingia anatoka kula, alfajiri anarudi. Hiyo ratiba haijabadilika. Kilichobadilika ni ukingo wa ziwa.

Juzi niliitwa kwa mama mmoja karibu na Dunga. Sukuma wiki yake ilikuwa imelala chini mistari sita, na kwa yale matope kulikuwa na nyayo za vidole vinne, pana kuliko sahani. Nikafuata nyayo mpaka mwisho wa shamba nikapata njia yenyewe, mifereji miwili imechimbika sambamba, katikati kumebaki tuta la nyasi, vile kiboko huacha akipita mahali pamoja miaka mingi. Ile njia ilikuwa inaingia moja kwa moja kwa sukuma. Nikainama nikakwaruza udongo kidogo, visiki vya mafunjo bado vilikuwa hapo, vyeusi, vimechomwa. Mama akaniangalia akaniuliza, "Sasa mwanangu, nikalime wapi?" Sikuwa na jibu zuri, na sitajifanya nilikuwa nalo. Maji ya 2020 yalimeza shamba lake la zamani, na yalimeza pia malisho ya viboko, kwa hivyo wote wawili walisukumwa kwa kipande kimoja cha ardhi.

Lakini lazima niseme hii, mafunjo si kichaka. Nimechoka kusikia eti ni kichaka cha kuficha nyoka na wezi, tuchome tupate mahali safi. Yale mafunjo ndio yanashika matope na mbolea inayoletwa na mito ya Nyando na Sondu kabla ifike ziwani, na samaki wadogo wanajificha humo mpaka wakue, kamongo na mumi pia wako humo. Kuna ndege mmoja, mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano, ambaye anaishi kwa mafunjo peke yake, ukikata yote hahamii miti ya mtaani, anaisha. Ndio maana Dunga, Kusa na Koguta zimeorodheshwa kama maeneo muhimu ya ndege duniani. Kina mama wanaokata mafunjo ya kusuka mikeka hatuna shida nao kabisa, wanakata shina wanaacha mizizi na inamea tena. Shida ni jembe na kiberiti.

Gugu maji nalo watu wanaliongelea kama laana, limetoka tu likaja. Liliingia kwa ghuba yetu mwanzoni mwa miaka ya 90, 1998 likafunika maeneo makubwa mpaka mashua zikakwama, wadudu walioletwa kulila wakaongezeka, likapungua, likarudi. Linarudi kwa sababu linalishwa. Maji taka yanayoshuka na mto Kisat, mbolea ya mashamba ya juu, sabuni na oili ya magari yanayooshwa ndani ya ziwa, yote hiyo ni chakula yake ama ni sumu kwa wengine, na hii ghuba ni ya kina kifupi na mdomo wake ni mwembamba, maji hayabadiliki haraka kama kule ziwa kubwa. Gugu likifunga njia, wavuvi wanapita kando kando ya ukingo, na kando kando ya ukingo ndio kiboko amelala na mtoto wake. Halafu mnatupigia.

Na nyavu za uzi mmoja, zile za plastiki zinazoonekana kama hazipo, zimepigwa marufuku kisheria lakini bado naziona. Ikikatika ikabaki majini inaendelea kuua, haijui mbuta na haijui furukombe. Nimewahi kutoa fisi maji kwa moja, alikuwa ameshakufa, uzi umeingia shingoni mpaka hauonekani. Ukiipata imeelea, ivute uipeleke kwa BMU, kile kikundi kinachosimamia bichi yako.

Sasa mambo ya fidia, hapa someni polepole kwa sababu watu wengi wanapoteza haki yao hapa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na majeraha mengine ni mpaka milioni 2 kulingana na ukubwa wake. Kiboko yuko kwa orodha ya wanyama wanaolipiwa, kwa mtu na kwa mimea pia. Lakini hakuna pesa inatoka kwa simu. Unaripoti KWS siku hiyo hiyo, afisa anakuja kuona, kwa hivyo usilime tena wala usifute nyayo kabla afike, na kama mtu ameumia unaripoti polisi upate namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, unaweka ripoti ya daktari, nakala ya kitambulisho, unajaza fomu ya madai. Fomu inaenda kwa kamati ya kaunti ya fidia, inathibitishwa. Usiporidhika na uamuzi una siku 30 tangu ujulishwe kukata rufaa kwa Mahakama ya Mazingira ya Taifa, ile inayoitwa tribunali, siku ya 31 umechelewa. Kulipwa kunachukua muda, siwezi kuwaahidi tarehe.

Kwa mimea kuna sharti ambalo hampendi kulisikia. Kama hukufanya juhudi ya maana kulinda shamba, au unatumia ardhi kinyume na mpango wa usimamizi wa eneo hilo, fidia hailipwi. Kwa hivyo yule mama nilimwambia ukweli, kwamba nitaandika ripoti yake vile nilivyoona, pamoja na vile visiki.

Na tafadhali, kumuua kiboko mwenyewe ni kosa, kumgawana ni kosa, hata ile nyama umenunua nusu kilo njiani ukiwa nayo kesi ni yako, usiseme hukujua imetoka wapi. Ukikutana naye nchi kavu usisimame kati yake na maji, usimpige picha karibu, usimrushie mawe ndio watoto waone. Rudi nyuma polepole umwachie njia. Halafu ukitupigia tuambie mahali uko, saa ngapi umemwona, kama ana mtoto, na ameelekea wapi.