Kumdhamini mtu si kumlipia nauli

Mjomba alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita kwenye kundi la ukoo. Dakika tano zilikuwa za salamu na habari za mvua. Jambo lenyewe lilikuja mwishoni: Mama Mdogo ana miaka 71, magoti yamechoka, watoto wake wana yao, "na wewe huko Marekani umeshachukua uraia, sasa si umdhamini tu aje akae na wewe?" Watu kumi na mmoja wakaweka dole gumba. Hilo "tu" ndilo lililonikalisha chini niandike.

Maana kwanza, tuimalize. Katika mambo ya uhamiaji, kumdhamini mtu ni kuiahidi serikali ya nchi anakohamia, kwa maandishi na kwa sahihi yako, kwamba hatakuwa mzigo kwake. Akikwama, wa kuulizwa ni wewe. Kulipa nauli hakumo. Kutuma barua ya mwaliko hakumo. Hata kumwombea kibali cha kuishi, ukitaka kuwa makini, ni jambo jingine linalotangulia.

Tatizo nadhani lilianzia kwenye "sponsa". Mtaani Nairobi sponsa ni mzee mwenye pesa anayemlipia binti kodi ya nyumba. Kwenye mpira, mdhamini ni kampuni iliyoandikwa kifuani mwa jezi. Wote wawili wanatoa hela, wakichoka wanaondoka, na hakuna wa kuwafuata. Basi tukisikia kuna kumdhamini mzee kwenda Marekani, tunamtazama aliye na kipato kizuri kwenye ukoo na kumwambia: wewe.

Lakini dhamana haikuanza na hela. Asili yake ni Kiarabu, na baadhi ya wanafikihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, huieleza kuwa ni kuunganisha dhima yako na dhima ya mwenzako: deni linabaki lake, ila sasa limeshakaa na shingoni mwako. Kiswahili kimeitunza maana hiyo vizuri kuliko tunavyokitunza chenyewe. Nenda kituo cha polisi umtoe ndugu kwa dhamana. Unafika na kitambulisho na barua ya mwenyekiti wa mtaa, unasaini, mnatoka wote wawili. Pengine hujatoa hata senti. Siku atakayoshindwa kufika mahakamani ndipo utakapojua ulisaini nini. Na aliyewahi kumdhamini mfanyakazi mwenzake kwenye SACCOS, mwenzake akahama mji, naye akaanza kuona makato kwenye mshahara wake, huyo hahitaji kamusi.

La kuchekesha ni kwamba hata hilo neno la Kiingereza tulilolifanya sponsa lilikuwa na maana hiyohiyo. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuahidi kwa dhati, na kanisani lilikuwa jina la yule anayesimama kwenye ubatizo na kumsemea mtoto, ambaye Wakatoliki wetu humwita msimamizi. Fedha ziliingia baadaye. Walio na ndugu Maskati au Dubai wanalo neno la tatu, kafili, na hao hawaulizi kafili atalipa nauli ya nani. Wanajua ni mtu ambaye jina lake limefungwa na viza yako.

Sasa turudi kwa Mama Mdogo, maana hapa neno linagongana na ukoo.

Kwa Marekani, safari ya kumleta jamaa akae moja kwa moja huanza na fomu iitwayo I-130. Swali lake la kwanza linauliza unamwombea nani, na chini yake kuna visanduku vinne: mume au mke, mzazi, kaka au dada, mtoto. Nimekaa na watu kadhaa mezani kwangu kwenye swali hilo, kalamu imetulia juu ya karatasi, mtu anatafuta kisanduku cha bibi. Hakipo. Cha shangazi hakipo. Cha mjomba hakipo (samahani, Mjomba). Sisi tuna mama mkubwa na mama mdogo, na neno la msingi kwenye yote mawili ni mama. Sheria yao inamjua mama mmoja, aliyekuzaa, na baada yake wachache waliotajwa kwa masharti.

Masharti yenyewe yana kejeli yake. Mama wa kambo anahesabika kuwa mzazi, mradi alifunga ndoa na baba yako kabla hujatimiza miaka 18, hata kama hamkuwahi kupatana. Mama Mdogo aliyekubeba mgongoni tangu una miezi minne hahesabiki, isipokuwa alikuasili kisheria kabla hujatimiza miaka 16, akawa na haki ya kisheria ya kukulea na mkaishi pamoja kwa angalau miaka miwili. Kwetu nani alikwenda mahakamani kuasili mtoto wa dada yake? Ulichukuliwa, ukalelewa, ikaisha.

Kuna wanaoshauri kwa sauti ya chini: mwandike tu mzazi, si ndiye aliyekulea? Usithubutu. Undugu wa uongo ukigundulika, mzee anaweza kufungiwa mlango maisha, na wewe uliyesaini una kesi yako. Kuna vyeti vya kuzaliwa, na wakitilia shaka wanaweza kupendekeza kipimo cha DNA, ambacho hakijui nani aliyekubeba mgongoni.

Na hata ukiwa unamwombea mama mzazi, lazima uwe raia na uwe na miaka 21 au zaidi. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja bila uraia, anaweza kumwombea mwenzi wake na watoto wasio na ndoa, wazazi hapana. Hilo nalo watu hulipita haraka.

Njia ya kuzunguka ipo. Mama yako mzazi, akishakuwa raia, anaweza kumwombea Mama Mdogo kwa kuwa ni dada yake. Foleni ya kaka na dada ina kikomo cha viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kusubiri kunapita miaka 15. Anza na miaka 71, ongeza 15, halafu ongeza mitano au zaidi ambayo mama yako atasubiri uraia wake ikiwa ndiyo kwanza amefika. Mimi nilipofanya hesabu hiyo mbele ya mama, alinyamaza, akaniuliza kama chai imeiva.

Dhamana yenyewe inakuja baada ya hapo, kwenye fomu nyingine, I-864. Tangu sheria ya 1996 hiyo ni mkataba unaoweza kukupeleka mahakamani. Unaonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka, kwa kuhesabu vichwa vyote vya nyumbani pamoja na mzee mwenyewe. Akipewa msaada fulani wa serikali unaotolewa kwa wasio na kipato, ofisi iliyoutoa inaweza kukudai. Hata mzee mwenyewe anaweza kukudai matunzo.

Na mkataba unaisha lini? Akiwa raia, akifa, akihama nchi kabisa na kuiacha grini kadi, au akifikisha robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi ya kuajiriwa. Mwanamke wa miaka 71 mwenye magoti hayo hatafanya kazi miaka kumi. Hiyo njia ya mwisho wewe ifute. Talaka haiuvunji mkataba, ugomvi hauuvunji, na kumrudisha akae kwa mtoto mwingine hapohapo Marekani pia hakuuvunji.

Ila hapa pana jambo ambalo Mjomba angelipenda. Anayeomba akiwa na kipato kidogo, mtu mwingine anaweza kusimama naye kama mdhamini mwenza, na huyo si lazima awe ndugu kabisa. Jirani anaweza. Kwa hiyo, ikiwa mama ndiye anayemwombea, sheria inaniruhusu kumdhamini Mama Mdogo, lakini hainiruhusu kumwombea. Ninaweza kuubeba mzigo, siwezi kuufungua mlango. Ndiyo maana nasema haya ni maneno mawili, na tukiyachanganya tutalaumiana bure: watu watasema nimekataa kumdhamini mama yangu, kumbe hakuna aliyenipa fomu ya kukataa.

Nchi nyingine huchora mpaka wa ukoo pengine kabisa. Kanada inamkubali bibi na babu pamoja na wazazi, ila nafasi ni chache hata 2025 walikuwa bado wanaalika watu walioandikisha nia mwaka 2020. Wana pia viza maalumu ya wazazi na mabibi inayomruhusu mzee kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja, akiwa na bima ya afya. Shangazi huko anapita tu kama wewe mwenyewe huna jamaa yeyote wa karibu, jambo ambalo kwa Mswahili ni kama kuambiwa uwe yatima wa ukoo mzima. Uingereza ilikuwa na upenyo mwembamba wa mjomba na shangazi, ikauziba Julai 2012. Jamaa wazee wanaokubalika bado, kama wazazi, lazima wathibitishe kwamba wanahitaji kuhudumiwa mwilini kila siku na huduma hiyo haipatikani kwao hata kwa kulipia. Makatazo ya safari ya nchi moja moja, ambayo Marekani imekuwa ikiyapanua tangu 2025 na Burundi imo tangu Juni mwaka huo, ni habari nyingine juu ya hii.

Kilichobaki ni viza ya matembezi, na hapo ndipo neno linapopotoshwa zaidi. Watu huandika "barua ya udhamini", wakaambatisha taarifa za benki za mpwa, wakamkabidhi mzee bahasha nene. Ubalozi wa Marekani humpima mzee kwa mambo yake mwenyewe: nyumba yake, shamba lake, wajukuu anaowarudia. Sheria inaanza kwa kudhani kwamba anataka kuhamia, naye ndiye wa kuiondoa dhana hiyo. Bahasha yangu haimsemei. Mama Mdogo mwenyewe, na ng'ombe wake watatu, anajisemea vizuri zaidi.

Kwa hiyo nimemjibu Mjomba kwa ujumbe wa sauti, dakika mbili tu, salamu zikiwemo. Nimemwambia nauli ipo na chumba kipo, ila neno alilokuwa analitafuta, Mjomba wangu, ni kumwalika.