Vanishi na mafuta ya mbao si kitu kimoja

Sakafu ya mbao iliyoko nje ikishapauka na kuwa kijivu, ushauri unaosikika Nairobi nzima ni mmoja: ipige vanishi. Mara nyingi anayesema hivyo anamaanisha chochote cha mkebe kinachopakwa mbao bila kuificha. Hapo ndipo pesa za wenye nyumba zinapopotelea.

Vanishi hukauka ikaacha utando mgumu juu ya mbao. Mafuta ya mbao, yawe ya kitani au ya tung (yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa tung), huzama katika vinyweleo na kugandia humo humo.

Ndani ya nyumba utando huo ni mzuri, na meza za mafundi wa Ngong Road zinadumu nao miaka. Nje mambo ni mengine. Mbao hufura wakati wa masika na kusinyaa kwa jua la Januari, ilhali utando hauwezi kuifuata kila inaponyooka na kujikunja. Hupasuka kwanza kwenye vichwa vya misumari na kwenye ncha zilizokatwa, kwa kuwa ncha ndizo zinazonywa maji kwa kasi. Maji yakishaingia chini ya utando hukawia kutoka. Yanatokea mabaka meupe, kisha vanishi inabanduka vipande vipande na mbao iliyo chini inashika ukungu mweusi.

Jua nalo lina kazi yake. Nairobi iko karibu na ikweta, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno (UV) ya jua ni mikali. Miale hiyo hupenya vanishi angavu na kuvunja lignini, kiungo kinachoshikanisha nyuzi za mbao. Vanishi hubaki imeng'ang'ania nyuzi zilizokwisha kuachana. Ndiyo sababu hata ya bei ghali hubanduka, na fundi hulaumiwa bure. Vanishi ya mashua hunyumbulika zaidi na ina kinga ya jua, lakini hutaka tabaka nyingi na kuguswa upya mara kwa mara. Kwa sakafu inayokanyagwa na viatu vyenye changarawe, siishauri.

Mafuta hayabanduki, kwa sababu hakuna utando wa kubanduka. Hufifia tu, ukaosha na kupaka tena. Chagua yenye rangi kidogo, maana chembe za rangi ndizo zinazozuia jua. Mafuta angavu yataiacha mbao irudi kuwa kijivu.

Kazi yenyewe inahitaji ukavu, kwa hiyo Januari na Februari zinafaa. Sugua sakafu kwa maji na sabuni. Kijivu sugu hutolewa kwa asidi ya oksaliki, ukiwa na glavu na miwani, kisha suuza sana. Iache ikauke siku mbili tatu za jua. Zamisha vichwa vya misumari milimita 2 au 3, halafu piga msasa namba 60, kisha 80, mpaka vanishi ya zamani iishe kabisa. Usipite 120: msasa laini mno hufunga vinyweleo na mafuta hayaingii. Dondosha maji, yakinywewa ndani ya dakika chache, mbao iko tayari. Lita 1 hutosha kama mita 10 za mraba kwenye mbao laini, ila mbao kuukuu yenye kiu inaweza kuishia nusu ya hapo. Zipe ncha mafuta zaidi. Baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata na kukusanya vumbi. Matambara yaliyotumika yaloweshe maji au yatandaze nje, kwa kuwa yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe.

Basi fundi akikuambia mpige vanishi, mwulize kwa upole kama kilicho mkebeni hukaa juu au huingia ndani. Kama hukaa juu, kitafaa mlango wa chumbani. Kwa sakafu ya nje, mwombe alete mafuta.