Kwa nini farasi anayeoshwa miguu kila siku ndo haponi vidonda vya matope?

Farasi akishinda kwenye tope wakati wa mvua, mara nyingi unakuta nyuma ya mguu, pale chini kati ya kwato na kifundo, ngozi imekuwa nyekundu, imevimba kidogo, halafu inatoa majimaji yanayoganda na kuwa vigaga vigumu vilivyong'ang'ania nywele. Waingereza wanauita ugonjwa huu homa ya matope, na hilo jina ndo lilinipoteza mimi kwa muda mrefu sana. Nilijua tope ndo ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo farasi akirudi tu kutoka malishoni nachukua mpira wa maji, nasugua miguu yote minne mpaka inang'aa, namwingiza bandani bado anachuruzika, kesho jioni tena hivo hivo. Vidonda havikupona, vilizidi kupanda juu.

Kwanza hiyo sio homa, mara nyingi joto la mwili liko kawaida kabisa. Pili, tope lina mchango wake ndiyo, maana chembe zake za mchanga zinakwaruza ngozi na linashikilia unyevu, lakini tope lililokaukia mguuni ni shida ndogo sana ukilinganisha na mguu unaolala umelowa usiku mzima, tena kila usiku. Mi nilikuwa naondoa kile chenye shida ndogo na kuweka chenye shida kubwa, na kila nilivyoona kidonda kipya nikawa naongeza kuosha. Wengi wanaofuga farasi wanafanya hivi hivi na wanafanya kwa upendo kabisa, ndo maana nalikazia.

Sasa maji yanaharibu vipi? Angalia vidole vyako ukimaliza kufua nguo nyingi, vimejikunja, vyeupe, laini, ukijigonga kidogo tu ngozi inachubuka. Ngozi ya juu imepangwa kama vigae vya paa, seli zilizokufa zimelaliana na katikati yake kuna mafuta yanayoziba. Ikilowa muda mrefu vigae vinavimba, yale mafuta yanalegea, nafasi zinafunguka. Ukija na brashi ngumu juu ya ngozi ya hivo ni sawa na kusugua karatasi iliyolowa, huhitaji nguvu kuitoboa.

Na kuna mdudu anayesubiri hapo hapo, na huyu mdudu kwa kweli ni wa ajabu. Ni bakteria anaitwa Dermatophilus congolensis, jina la pili limetokana na Kongo ambako alielezwa mara ya kwanza mwaka 1915, tena kwa ng'ombe. Kwenye kigaga kikavu anakaa kama mbegu kwenye udongo wa kiangazi, miezi na miezi, hafanyi kitu. Maji yakimfikia anaamka, na anaamka na mkia! Anaogelea kwenye ule unyevu wa juu ya ngozi akifuata hewa ya ukaa inayotoka ndani ya ngozi yenyewe, yaani ngozi ikipumua inamwonyesha njia. Akipata upenyo anaota nyuzi, nyuzi zinakatika vipande vipande na kuwa safu za vidonge vidogo, ukiziona kwenye hadubini utadhani reli, na kila kidonge ni mbegu nyingine inayongoja kulowa. Kwa hiyo mimi na mpira wangu wa maji nilikuwa namwamsha kila jioni.

Ukibandua kigaga kimoja na kukigeuza unaona nywele zimetoka nazo, zimesimama pamoja kama brashi ya rangi, chini yake pana usaha mzito wa rangi ya krimu. Usikibandue kikavu lakini, inamuuma mno, na teke la farasi sio mchezo.

Kutibu sasa, hapa watu wanachanganyikiwa, maana dawa nayo inataka maji. Tofauti ni kwamba unaosha kwa kazi maalumu halafu unakausha kweli kweli. Nywele ndefu zipunguzwe kwa mashine ili hewa ipite. Vigaga vilainishwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, vile vinavyoachia vyenyewe viondoe, vinavyogoma viache mpaka siku nyingine. Paka sabuni ya klohexidini, yaani dawa ya kuua vijidudu, ile ya asilimia 2 mpaka 4, iache kama dakika 10 ifanye kazi, suuza, halafu taulo safi, unagandamiza, husugui, mpaka kule kwenye mikunjo ya nyuma. Vigaga usiviangushe chini bandani, vikusanye utupe mbali, na vaa glovu maana huyu bakteria binadamu pia anampata. Vaselini na krimu nzito zina kazi, ila kwenye ngozi safi, kavu na nzima kabla hajaenda kwenye tope. Ukizipaka juu ya unyevu umeufungia ndani.

Na sio kila kidonda cha hapo kimeletwa na huyu bakteria. Farasi wenye manyoya mengi miguuni kama Shire na Clydesdale wanapata sana utitiri, utawaona wanapigapiga miguu chini na kujikuna, na hao dawa yao ni tofauti kabisa. Miguu myeupe yenye ngozi ya waridi ndo inaathirika zaidi, kwa nini hasa bado kuna mjadala, ila jua lina sehemu yake, hasa farasi akiwa amekula mimea fulani au ini lina shida. Ukiona ni miguu myeupe tu imeungua na myeusi ni mizima, waza jua kabla ya tope. Mguu ukivimba kwenda juu, akichechemea, au wiki ikipita bila nafuu, daktari wa mifugo aje achukue kipande cha kigaga apime.

Siku hizi akirudi na tope naliacha. Anasimama mahali pakavu, tope linakauka, linapasuka lenyewe, nalipangusa kwa brashi laini, halafu napitisha vidole nyuma ya kila mguu taratibu nikitafuta kile kipele cha kwanza, ambacho mkono unakipata siku kadhaa kabla ya jicho.