Maneno ya Marafiki: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Kila kundi la marafiki waliokaa pamoja muda mrefu lina maneno ambayo mgeni akiyasikia haambulii kitu. Waendesha bodaboda wa steji moja wanayo, akina mama wanaouza nyanya safu moja sokoni wanayo, na waliolala bweni moja hadi kumaliza sekondari huzeeka nayo. Uganda hatujapungukiwa lugha, lakini watu huongeza nyingine ndogo, ya wanne au watano, na hapo ndipo lawama huanza. Mzazi huiita uhuni, mwalimu huiita utovu wa nidhamu, mke au mume huingiwa na shaka. Mimi naihesabu miongoni mwa vitu vizuri kabisa ambavyo watu hutengeneza pamoja, na mengi inayosingiziwa si kweli.

Dhana: wanaficha jambo

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, na ina historia yake. Luyaaye, lugha ya mitaani ya Kampala, ilishika kasi miaka ya 1970 chini ya Idi Amin, sukari na sabuni zilipoadimika na magendo yakawa njia ya kuishi. Waliohangaika na biashara hizo waliitwa bayaaye, na hadi leo mzazi wa Kampala hafurahi mwanawe akiitwa muyaaye. Kwa hiyo watu wakiwasikia vijana wakisema wasichokielewa, mawazo hukimbilia wizi.

Ukweli ni kwamba maneno mengi ya marafiki huzaliwa kwa sababu ya kufupisha mazungumzo. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Herbert Clark na Deanna Wilkes-Gibbs, walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hili vizuri sana. Waliwaketisha watu wawili wawili, wamekingwa wasionane. Mmoja alimweleza mwenzake jinsi ya kupanga maumbo 12 ya ajabu yasiyo na jina, kisha wakarudia zoezi lilelile mpaka mara ya 6. Mara ya kwanza kulieleza umbo moja kulichukua wastani wa maneno kama 41. Mara ya mwisho yalitosha 8 hivi. Hakuna aliyewaambia wabuni lugha, wala hapakuwa na mtu wa kufichwa. Walikuwa wameshakubaliana tu, na yeyote ambaye angeingia wakati huo asingejua linatajwa umbo lipi.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Sisi tuliozoeana Busia tuna msemo wetu: "niko Bugiri." Ulitoka kwa mwenzetu mmoja tuliyempigia simu alfajiri tukimngoja kwenye mzigo. Akajibu yuko mjini Bugiri, anakaribia, na huku nyuma yake jogoo wa mama yake anawika. Tangu hapo aliye bado kitandani yuko Bugiri, mdaiwa asiyetaka kulipa yuko Bugiri, na harusi ambayo vikao vyake haviishi iko Bugiri. Maneno mawili yanabeba kisa, mhusika, na hukumu yetu juu yake. Msafiri wa barabara ya Jinja akitusikia atadhani tunazungumzia mji.

Dhana: kisichowachekesha wengine si kichekesho

Mtu husimuliwa mzaha wa marafiki, hauoni ucheshi, kisha anawaona wanaocheka kuwa wapungufu. Mwanasayansi Robert Provine wa Marekani, pamoja na wasaidizi wake, waliwasikiliza watu wakicheka katika mazungumzo ya kawaida, wakakusanya visa 1,200. Chini ya asilimia 20 ya maneno yaliyotangulia kicheko ndiyo yaliyokuwa na chembe ya uchekeshaji. Mengine yalikuwa ya kawaida kabisa, ya kuagana na kuulizana habari. Watu hucheka kwa kuwa wako pamoja. Usipokuwapo siku ile, huna sababu ya kucheka, na hakuna aliyekosa hapo.

Dhana: haya ni mambo ya watoto wa simu

Karne ya 19, kabla ya simu hata moja kufika pwani yetu, mmishonari Edward Steere alikuta Unguja watu wanazungumza kwa kinyume, yaani silabi ya mwisho inaletwa mbele. Waganda wana mchezo wao wa kugeuza silabi, unaitwa Ludikya. Wala maneno ya siri si mambo ya watoto peke yao: mwaka 1981 watafiti Hopper, Knapp na Scott walichapisha uchunguzi kuhusu watu wazima, wake kwa waume waliokuwa wakiishi pamoja, wakakuta wana majina yao ya kuitana, maneno ya kuombana kuondoka kwenye sherehe bila wenyeji kujua, na hata matusi yao ya kutaniana. Babu na bibi yako wanayo. Wamekuficha tu.

Dhana: kumpa mtu jina la utani ni kumdharau

Hapa lazima nikae kidogo, kwa maana ndipo penye ukweli nusu unaoumiza watu.

Bunyoro na Tooro, magharibi mwa Uganda, mtoto hupewa jina lake na juu yake hupewa empaako: Akiiki, Abwooli, Araali, Adyeeri, Amooti na mengine machache ambayo watu wote hushirikiana. Kumsalimu mtu mzima bila kuuliza empaako yake ni kumnyima heshima. Mwaka 2013 UNESCO iliuandikisha utamaduni huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Empaako si siri ya marafiki, inajulikana na kila mtu, lakini inatuonyesha kwamba jina la pili laweza kubeba upendo ambao jina la kwenye kitambulisho halibebi. Na utani wenyewe, ule wa watani wanaotupiana maneno makali bila kukasirikiana, ulishaandikwa na mwanaanthropolojia A.R. Radcliffe-Brown mwaka 1940 kama uhusiano wenye kanuni: unaruhusiwa kumtania huyu, na huyu unatakiwa usichukie.

Lakini kanuni hiyo ina mlango. Mtoto wa bweni anayeitwa jina la kilema chake na darasa zima hayumo katika utani wowote, yumo katika mateso. Waalimu wanaokataza lakabu zote wanakosea, na wanaosema "ni mzaha tu" wanakosea zaidi. Kipimo ninachokiamini ni chepesi: je, mwenye jina hulitumia mwenyewe, akipiga simu anajitambulisha nalo? Kama hulisikia tu kutoka kwa wengine na kunyamaza, liacheni leo.

Dhana: marafiki wa kweli huelewana bila kuelezana

Hii ni ya kupendeza, na ndiyo hatari. Mwaka 2011 Kenneth Savitsky na wenzake walichapisha majaribio yaliyowalinganisha watu wa karibu na watu wasiofahamiana. Walikuta kwamba tunapozungumza na mtu wetu wa karibu tunajiamini kupita kiasi kuwa ametuelewa, na wakati mwingine hatuelewani naye zaidi ya mgeni. Ukaribu hutufanya tuache kujieleza.

Mwenzetu yuleyule wa jogoo alikuja kukwama Bugiri kweli, taksi imeharibika, akapiga simu kuomba tumtumie nauli. "Niko Bugiri," akasema. Tulicheka, tukakata simu. Alifika usiku, na ilibidi tumwombe radhi kwa maneno marefu ambayo hata mgeni angeyaelewa.

Dhana: likijulikana na wote, limekufa

Marafiki wengi huhuzunika msemo wao ukianza kusikika steji ya pili. Sioni sababu. Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao yakagawiwa watu wengine, waliotajirika ghafla waliitwa mafuta mingi. Mtu fulani mahali fulani alilisema kwanza, wenzake wakacheka, likatoka, na leo mzee akilitamka unapata historia ya muongo mzima ndani yake. Vivyo hivyo kyeyo, neno la Kiganda la ufagio, lililokuja kuwa jina la kazi zote za ughaibuni. Chapati iliyoviringiwa mayai nayo ilibandikwa jina la saa ya kifahari, Rolex, na sasa inauzwa kwa jina hilo kila kona ya nchi.

Dhana: ukitaka kuingia, jifunze maneno yao

Mgeni anayeyatumia siku ya kwanza huwafanya wenyeji wanyamaze. Si kwamba wanamchukia. Ametaja siku ambayo hakuwapo. Afadhali asubiri, abebe mzigo nao, alowe mvua nao, na mapema kuliko anavyofikiri kutatokea kisa ambacho na yeye ni shahidi. Na ukiwa wewe ndiye mwenyeji, usimpe maana ya neno peke yake. Msimulie kisa chote: nani alikuwapo, nani alisema nini, na nani alikasirika mpaka jioni.